Mguu wa Upande wa Bonde

Krrr. Kimya. Krrr tena, kama mtu anayesaga punje kavu za mahindi kati ya mawe mawili. Waliokuwa wameketi sebuleni kwa Tadei waliacha maongezi wakasikiliza. Sauti ilitoka jikoni, ikavuka uani, ikapumzika penye kizingiti, ndipo Gertruda alipotokea mlangoni na sinia la ugali mikononi.

"Shemeji siku hizi habishi hodi," alisema Wendelin, mdogo wake Tadei. "Goti linambishia."

Mkewe Vitalia alicheka. Alicheka kidogo kuliko mumewe alivyotaka, lakini alicheka. Tadei alitazama sakafu.

Gertruda aliweka sinia mezani akiwa amesimama, na hapo ndipo aibu ilipokuwa. Pale Matiri, katika nyumba ya watu waliolelewa, mama wa rika lake humkaribisha mgeni kwa kupiga goti, hata kama mgeni mwenyewe ni shemeji mdogo mwenye ulimi mrefu. Yeye aliinamisha kichwa tu.

"Karibuni chakula. Mtanisamehe, sipigi goti."

"Tumeshazoea," alisema Wendelin, akanawa mikono.

Hakuja kula. Alikuja kwa ajili ya ubavu wa kilima ulio nyuma ya nyumba, na alipomaliza tonge la tatu alilitoa neno lake. Alikuwa na miche ya milingoti kwa rafiki yake Litumbandyosi. Nguzo zilikuwa na soko. Ardhi ya ukoo ilikuwa imelala bure.

"Haijalala," alisema Gertruda.

"Shemeji, mwaka huu mmevuna nini pale? Maharage yenu yalishuka na maji mpaka kijitoni. Samaki ndio waliokula."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli ukisemwa na mtu wa dhihaka huuma mara mbili. Ubavu ule ni mkali. Hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Mahali pa namna hiyo Mmatengo halimi matuta. Wanaume hukata majani na kuyapanga chini kwa miraba, kama fremu za madirisha. Wanawake huja nyuma yao, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, mpaka kilima kizima kinakuwa na mashimo kama sega la nyuki. Hayo ndiyo mashimo ya ngolo. Mvua inyeshe itakavyo, kila shimo hunywa lake na udongo haushuki. Gertruda alikuwa ameuchimba ubavu ule tangu alipoolewa. Goti lilipomgomea, Tadei aliweka vibarua, vijana wenye haraka, wakachimba mashimo ya kufukia kuku. Mvua kubwa ya kwanza iliyafungua yote.

"Na ngolo ina sheria yake," aliendelea Wendelin. "Mwenye shamba huchimba mstari wa kwanza kwa mikono yake, ndipo wenzake huingia kumsaidia. Asipoanza yeye, hakuna mwanamke atakayenyanyua jembe. Sasa nani ataanza? Hilo goti?"

Tadei alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa na kasoro moja: ulipenda amani kuliko haki. Alijifuta mdomo.

"Tufanye hivi. Ukifika wakati wa ngolo, kama mama Devotha hajaweza kuchimba mstari wa kwanza, panda miti yako."

Alisema akidhani anamwondolea mkewe mzigo. Gertruda aliokota sinia tupu. Krrr, krrr, mpaka jikoni, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tadei alimpenda mkewe, na mapenzi yake ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza. Hospitali ya Mbinga walipiga picha ya goti, na daktari akaeleza kwamba gegedu, ule ulaini unaofunika ncha za mifupa, umelika. Alitoa vidonge. Alisema apunguze kubeba mizigo, apunguze unene, aimarishe misuli ya mapaja. Daktari alisema mambo mengi. Tadei alirudi nyumbani na moja tu, pumziko. Tangu siku hiyo wimbo wa nyumba ulikuwa kaa, mama, kaa. Mtoto wa jirani alimtekea maji. Tadei mwenyewe alitoboa kiti cha mbao katikati akakiweka chooni, maana kuchuchumaa kulikuwa hakuwezekani, na watoto wa mtaa wakakipa kiti kile jina la kiti cha chifu. Kanisani Gertruda alihamishiwa benchi la mbele pamoja na vikongwe ambao husimama wakati wengine wamepiga magoti, ili Padri aone kwamba si kiburi.

Alikaa. Alinenepa. Mapaja yaliyowahi kupandisha debe la kahawa kilimani yalilegea kama kamba iliyolowa, na goti likazidi kulia. Huruma ikizidi hufanana na dharau. Huwezi kuzitofautisha ukiwa wewe ndiye uliyekalishwa.

Devotha, binti yao aliyeolewa Mbaha ufukweni mwa ziwa, alipanda kuja kuuza usipa, dagaa wa ziwani, wakati mashamba yalipokuwa yanasubiri mvua za kwanza. Alimkuta mama yake kitini, akamsikiliza anavyoinuka.

"Mama, tangu lini unainuka kwa kujivuta mezani?"

"Tangu baba yako aliponifanya yai."

"Pakia nguo. Tunashuka wote."

"Nikafanye nini huko? Nikavue?"

"Kuna dada mmoja anashika viungo."

Tadei aliposikia alisema barabara ni mbaya kwa goti. Devotha alimjibu kwa heshima kwamba barabara ya kwenda hospitali haikuwa nzuri zaidi, na ile hakuiogopa.

*

Shamimu alikuwa na chumba nyuma ya duka la mjomba wake Masoudi, chumba chenye harufu ya sabuni na mafuta ya taa, na ndani yake kitanda cha ubao chenye godoro jembamba. Alijifunza Dar es Salaam kunyoosha uti wa mgongo na viungo, akarudi kumuuguza mama yake, akabaki. Alivaa mtandio uliofungwa nyuma ya shingo ili usimsumbue, na mikono yake ilikuwa mikono ya mtu anayekanda unga mwingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Goti ni hili."

"Nitalifikia. Lala kifudifudi kwanza."

"Nimekuja na goti, sikuja na mgongo."

"Limekuja na mgongo, mama. Hamkupanda magari tofauti."

Gertruda alilala akinung'unika. Shamimu aliinua picha ya hospitali dirishani, akaitazama kwa muda, akairudisha kwenye bahasha. Kisha akaanza mbali na goti kabisa. Alibonyeza kiuno. Alizungusha nyonga, akakuta haizunguki. Alikunja kifundo cha mguu, kikagoma kama mlango uliovimba kwa mvua. Akamlaza ubavu, akaegemeza mkono mmoja begani na mwingine nyongani, akasukuma kwa ghafla. Ko, kikasema kiuno.

"Umenivunja?"

"Ungekuwa umevunjika usingeuliza kwa adabu hivyo." Shamimu alimsaidia kuketi. "Goti ni mtoto wa katikati, mama. Juu yake kuna nyonga, chini yake kuna kifundo. Hao wawili wakigoma kufanya kazi, anayechapwa ni yeye. Wewe umekuwa ukimpaka dawa anayechapwa."

"Basi umeshawanyoosha wanaomchapa. Nimepona?"

"Hapana." Shamimu alivuta kigoda akaketi mbele yake. "Kilicholika kimelika. Sina mkono wa kukirudisha, na atakayekuambia anao, mkimbie kwa goti hilohilo. Mikono yangu inafungua mlango tu. Kupita mlangoni ni kazi yako. Mapaja yako yamelala. Tukiyaamsha, yatabeba mzigo ambao sasa goti linaubeba peke yake."

"Mume wangu anasema nikae."

"Na umekaa. Imesaidia?"

Gertruda aliuliza malipo ni nini.

Malipo yalikuwa maharage na kahawa ya kukaanga, na kazi ikaanza. Kuketi kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, mikono imekunjwa kifuani kama mtu aliyekasirika. Kulala chali na kuinua mguu uliofungwa mfuko wa mchanga kifundoni. Kusimama ukutani na kushuka taratibu, kidogo tu, na kupanda. Shamimu alimpa kipimo rahisi: maumivu yakija na kuondoka kabla ya kesho yake, endelea, goti likivimba na kuwa la moto, tulia, njoo unione.

Na ziwa. Kila asubuhi aingie majini mpaka kiunoni, atembee sambamba na ufukwe, maana maji humbeba mtu nusu yake.

"Sisi wa milimani hatukuumbwa na mapezi," alisema Gertruda, lakini aliingia, kanga imefungwa barabara, Devotha kamshika mkono. Wanawake waliokuwa wakisugua masufuria kwa mchanga waliinua vichwa.

"Mama wa milimani anatafuta nini majini?" aliuliza mmoja. "Kapoteza pete?"

"Nimepoteza goti," alijibu Gertruda. "Ukiliona, nipigie kelele."

Walicheka mpaka sufuria moja ikaelea ikaenda zake, na tangu siku hiyo walimwita Mama Goti, kwa jina lisilouma. Majini goti halikulia. Alitembea akiwa amekaza macho mbele, na kwa kuwa mwili uliozoea jembe hauwezi kufanya kazi bila wimbo, alijitungia wake:

Goti lisilo na kazi, hufa likiwa kitini,
Heri lilie kwa kazi, kuliko kimya nyumbani.

Aliimba kwa sauti, mbele ya ziwa zima, na hakumwomba mtu radhi.

*

Baadaye, alipokuwa anainuka kigodani bila kukunja uso, Shamimu alimuuliza swali aliloliona la kipuuzi.

"Hiyo ngolo yenu inachimbwaje?"

"Kwa jembe."

"Nionyeshe."

Jembe halikuwepo. Devotha alimpa kafi la mtumbwi. Ufukwe wa Mbaha una mahali unapoinuka ghafla kuelekea nyumba, mteremko wa mchanga kama ubavu mdogo wa kilima, na Gertruda alisimama pale na kafi mkononi, amejaa aibu, huku wanawake wa masufuria wakikusanyika kuona mama wa milimani akilima ziwa. Aliinama. Aliposhika kafi, aibu ilimtoka, mwili ulikumbuka. Akachimba, akavuta udongo juu, akasogea. Akachimba, akavuta, akasogea. Mwisho wa mstari akajinyoosha, akarudi mikono mitupu mpaka alipoanzia, akaanza mstari mwingine.

"Mbona hukuchimba ulipokuwa unarudi?" aliuliza Shamimu.

"Ngolo haichimbwi kwa kurudi. Mstari unaanza upande wa mawio. Unaenda, unamaliza, unarudi mikono mitupu, unaanza tena upande wa mawio. Ukichimba kwa kurudi unafukua ulichofukia, ndivyo alivyosema mama mkwe wangu."

"Naye aliambiwa na nani?"

"Na mkwe wake. Wanawake wote wa ukoo ule wanachimba hivyo."

"Na wana magoti?"

Gertruda alitazama chini. Miguu yake ilikuwa bado kwenye mchanga pale ilipokuwa imesimama: wa kushoto juu, umepumzika, wa kulia chini, upande wa maji, umezama na kubeba mwili wote. Alisogea hatua moja, mbili. Wa kulia ulibaki chini. Alifumba macho akauona ubavu wa Matiri, mwaka hadi mwaka, mstari juu ya mstari, na mguu wa upande wa bonde daima uleule.

Akamwona mama mkwe wake, aliyekufa akiwa na fimbo mkono wa kulia. Akamwona shangazi wa Tadei anavyopanda ngazi za kanisa, wa kushoto kwanza. Wote walisema ni uzee. Uzee gani unaochagua mguu mmoja?

Aligeuka. Akasimama akitazama upande wa pili, mguu wa kushoto sasa ukiwa chini, akaanza kuchimba akirudi. Alijihisi mjinga, kama mtu anayekula ugali kwa mkono usio wake. Kafi lilikwenda ovyo. Wanawake wakacheka. Hakusimama mpaka alipofika mwisho.

"Huo mguu mwingine," alisema akihema, "umeishi kwangu miaka yote kama mgeni. Sasa na wenyewe utalima."

*

Alirudi Matiri mwezi wa pili, mwembamba kidogo, mkavu wa paja, na kigoda kidogo alichopewa na Devotha. Goti lilikuwa bado linalia. Tadei alilisikia kutoka uani akainama kwa huzuni, kisha akainua kichwa, kwa sababu sauti ilikuwa inakuja kwa haraka kuliko alivyoizoea.

Jioni ile walikaa barazani. Gertruda aliketi kwenye kigoda, mikono kifuani.

"Baba Devotha, majani ya ubavu wa nyuma yamekomaa. Unakata lini?"

Tadei alijikuna shingo. Bila mwanamume kukata majani na kuyapanga, mwanamke hana cha kufukia. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, naye aliujua uzito wake.

"Nilishampa Wendelin neno."

Gertruda aliinuka bila kushika kitu. "Neno ulilompa lilikuwa na 'kama' ndani yake." Akaketi.

"Ameshaikodia gari miche."

Akainuka. "Hasara ya gari ni yake." Akaketi.

"Daktari alisema..."

Akainuka. "Daktari alisema niimarishe mapaja. Nilikuwepo chumbani." Akaketi.

Tadei alimtazama akipanda na kushuka kama mtungi kisimani, na kwa mara ya kwanza tangu alipotoboa kile kiti cha mbao, akahisi kucheka. Hakucheka.

"Nakuogopea, mama."

"Najua. Uliniogopea mpaka ukakaribia kunizika kitini." Sauti yake haikuwa na hasira. "Ukimpa ule ubavu, milingoti itakunywa kijito kama mlevi wa Jumapili, na mimi nitabaki na kiti kilichotobolewa. Niogopee kwa kunikatia majani."

Tadei aliingia ndani akatoka na fyekeo na jiwe la kunolea, akaketi karibu na mkewe akaanza kunoa. Alinoa mpaka jirani akauliza kuna nini.

"Ngolo," alijibu Tadei, kwa sauti ya mtu aliyechagua.

*

Siku ya kuchimba, wanawake wa jirani walikuja na majembe wakasimama chini ya miti ya kahawa, kama sheria inavyotaka, wakimsubiri mwenye shamba. Miraba ya majani ilikuwa imepangwa kilima kizima. Vitalia alikuwepo, amekaa pembeni. Wendelin naye alikuja, ameweka miche yake kivulini ikiwa na udongo mizizini, mtu mwenye uhakika.

"Shemeji, usijiumize. Mbele ya watu hawa wote."

"Watu hawa wote wana macho yao," alisema Gertruda. "Waache wayatumie."

Alianza upande wa mawio. Alichimba bila haraka, akiinama kutoka nyongani kama alivyofundishwa, mguu wa kulia chini. Goti lililia, lilisikika mpaka kwenye kahawa. Katikati ya mstari alisimama, akaketi kwenye kigoda, akanywa maji. Wendelin alitabasamu. Gertruda akainuka, mikono kifuani, akaendelea. Alipofukia shimo la mwisho wanawake walishusha pumzi kwa pamoja, na wawili wakanyanyua majembe kuingia.

"Bado," alisema Gertruda.

Aligeuka. Badala ya kurudi mikono mitupu, alipanda mpaka mstari wa pili, akaweka mguu wa kushoto upande wa bonde, akaanza kuchimba akirudi.

Shangazi wa Tadei alishika fimbo kwa mikono miwili. "Unachimba kinyume."

"Ndiyo, mama."

"Unafukua ulichofukia," alisema Wendelin.

"Njoo uone nilichofukua."

Alikuja. Aliinama juu ya mstari wa kwanza, akachungulia shimo baada ya shimo, na kingo zilikuwa zimesimama imara, majani yamelala chini ya udongo kama inavyopaswa. Aliinuka akapangusa mikono ambayo haikuwa na udongo. Tadei alikuwa amesimama kati yake na miche.

"Mdogo wangu," alisema Tadei, "miti inataka kupandwa kabla haijanyauka. Iwahishe Litumbandyosi."

Wendelin alimtazama kaka yake kama anayemwona mara ya kwanza. Akabeba miche akaondoka, na wanawake wakaingia shambani kwa wimbo.

Gertruda aliendelea na mstari wake, jasho likimtiririka mgongoni. Wenzake walienea pande zote mbili. Ndipo akasikia, nyuma yake, chini kidogo.

Krrr.

Lake lilikuwa limetulia, alikuwa amesimama. Akasikiliza. Krrr, taratibu, sauti ya mtu anayeinuka kwa kujificha. Akageuka. Alikuwa Vitalia, jembe mkononi, mguu wa kulia upande wa bonde, uso umekakamaa kwa kuzuia maumivu.

Walitazamana. Gertruda alikikumbuka kile kicheko kifupi cha sebuleni, akakielewa leo.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya juzi," alinong'ona Vitalia. Macho yake yalikuwa kwenye njia aliyopita mumewe. "Dada, naomba usimwambie. Umeona alivyotaka kufanya kwako. Na mimi nina shamba moja tu."

Gertruda alisogea mpaka wakawa bega kwa bega. Alimshika kiwiko, akamgeuza kwa upole, mpaka mguu wa kushoto ukawa chini.

"Simama hivi. Utajiona mjinga leo, kesho utazoea." Kisha akasema kwa sauti yake kamili, sauti ya mtu asiyeomba radhi, wenzao wasikie wasisikie: "Vitalia, nakuahidi. Ngolo hii ikiisha tunashuka Mbaha, mimi na wewe. Nitakushika mkono majini mpaka uache kuogopa. Na siku utakayoanza mstari wako wa kwanza, atakayetaka kukaa kivulini na miche yake atanikuta mimi nimeshakaa hapo, kwenye kigoda changu, na sitainuka mpaka umalize."